Mikro ya pembeni: kwa nini Newport 1956 ingali inatukamata

Kuko diski moja ya jazz ambayo watu wanaendelea kuinunua, kutumiana na kubishana juu yake, hata kama imepitisha zaidi ya miaka 65. Inaitwa Ellington at Newport. Ilirekodiwa usiku wa tarehe 7 Julai 1956 mu mji mdogo wa Newport, jimbo la Rhode Island, Marekani, na kampuni Columbia ikaitoa mwaka ule ule. Wengi wanaoisifu wanashika jambo moja tu: solo ya saksofoni ya Paul Gonsalves, mizunguko 27 mfululizo, bila kumpisha mtu mwingine.

Mimi pia naipenda ile solo. Lakini naona sifa hiyo imekaa fasi isiyo yake. Mizunguko 27 ni hesabu, na hesabu haimfanyi mtu arudie diski mara mia. Kinachoifanya ile diski iishi, kwa maoni yangu, ni kama ndani yake kuko sehemu moja ambayo mafundi wa studio hawakuweza kuitengeneza upya, na mu ile sehemu watu waliokuja kusikiliza wanafanya kazi pamoja na wapigaji. Tusikilize hiyo kazi polepole.

Kwanza hali ya Duke Ellington mwenyewe. Mwaka 1956 alikuwa na miaka 57. Jina lake lilikuwa kubwa tangu mwisho wa miaka ya 1920, wakati alipokuwa anapiga Cotton Club kule Harlem. Lakini nyuma ya vita ya pili ya dunia, orkestra kubwa zilianza kufa moja moja. Kulipa mishahara ya watu zaidi ya kumi, kuwasafirisha, kuwalaza: mzigo huo uliwashinda viongozi wengi. Vijana walikuwa wamegeukia vikundi vidogo, waimbaji, kisha rock and roll. Mwaka 1951 Johnny Hodges, sauti ya alto ambayo watu waliitambua kama sauti ya Duke mwenyewe, alitoka mu orkestra. Alirudi tu mwaka 1955. Kiangazi cha ule mwaka 1955, orkestra ya Duke ilikuwa inasindikiza maonyesho ya majini kule Flushing, New York. Fikiri kidogo: fundi wa kiwango kile, anapigia watu wanaoogelea. Pesa alizopata ku nyimbo zake za zamani, njo zilisaidia kulisha orkestra.

Kwa hiyo Newport haikuwa sherehe ya mtu aliyeko juu. Ilikuwa kazi ya mtu ambaye magazeti yalikuwa yameanza kumuongelea kama historia.

Festivali ya Newport ilikuwa ingali changa. George Wein alianzisha kazi hiyo mwaka 1954. Ile siku ya Jumamosi, orkestra ya Duke ilipanda mapema jioni, ikapiga kidogo, tena wapigaji wamoja hawakuwa wamefika. Ikashuka. Ikangojea wengine wote wamalize. Iliporudi ilikuwa karibu saa sita ya usiku, na watu wamoja walikuwa wameanza kufikiria kurudi nyumbani. Walipiga kwanza kazi mpya ambayo Duke na Billy Strayhorn waliiandaa kwa ajili ya ile festivali. Watu wakapiga makofi ya heshima, yale makofi tunayopiga nyuma ya hotuba ya mgeni wa heshima.

Kisha Duke akaita kipande cha zamani, Diminuendo and Crescendo in Blue. Alikitunga mwaka 1937. Kilikuwa na pande mbili: upande wa kwanza sauti inapungua, upande wa pili inapanda. Zamani, ku diski ya kuzungusha haraka, ilibidi mtu ageuze diski katikati kusudi asikie mwisho. Katikati ya pande hizo mbili, Duke alikuwa ameacha daraja: Gonsalves angepiga bluzi, nyuma yake piano, besi na batri tu, mpaka atakapoona inatosha. Ile mipango haikuwa mipya. Gonsalves alikuwa amekwisha kuijaza ile nafasi mbele ya hapo. Kitu kipya ni urefu, na kile kilichotokea kati ya urefu na watu.

Sasa namna inavyofanya kazi. Bluzi ya namna hii iko na vipimo 12, kisha inaanza tena mwanzo, na kordi ni zile zile. Mara 27, maana yake vipimo 324. Katika ile njia ndefu, mpigaji asiye na akili atamaliza nguvu zake haraka: atapanda juu, atapiga kelele, na kwa mzunguko wa nane hana tena kitu cha kutoa. Gonsalves anafanya kinyume. Anakaa katikati ya chombo. Anachukua kamsemo kafupi, anakarudia, anakasogeza kidogo, anakaacha, anachukua kengine. Hapandi juu kama mtu anayetaka kushangiliwa. Nyuma yake Sam Woodyard anagonga batri kwa uzito kwenye pigo la pili na la nne, bila kuyumba, na Jimmy Woode ku besi anatembea kama mtu anayejua barabara usiku. Duke ku piano anatupia kordi moja hapa, moja pale, kama kuni mu moto.

Mizunguko ya kwanza, watu wanasikiliza tu. Kisha unaanza kusikia kitu pembeni. Sauti moja, mbili. Makofi yanayofuata pigo. Habari ya ule usiku inajulikana: mwanamke mmoja wa nywele za rangi ya dhahabu, mwenye nguo nyeusi, alisimama ku viti vya mbele akaanza kucheza peke yake, na wengine wakamfuata. Pembeni ya jukwaa alikuwa Jo Jones, yule fundi wa batri aliyejulikana mu orkestra ya Count Basie. Hakuwa na chombo, akachukua gazeti, akalikunja, akaanza kugonga nalo ukingoni mwa jukwaa kufuata pigo. Wapigaji wenyewe wanaita, wanamsukuma Gonsalves aendelee. Ku diski unasikia yote hiyo ikipanda kama maji ya mvua mu bonde: kwanza husikii kitu, kisha kelele ya mbali, kisha ni bonde lote.

Hapo njo naona siri. Ukifuata saksofoni peke yake, utasikia mtu anayerudia. Ukifuata watu peke yao, utasikia kelele. Lakini ukifuata vyote viwili, utasikia mazungumzo. Gonsalves haongezi nguvu mbele ya watu. Anangojea waongeze, kisha anawajibu kidogo tu, wanaongeza tena. Anawapa kazi. Kila mzunguko anaweka nafasi ndogo wazi, na elfu kadhaa ya watu wanaingia. Wakati solo inaisha na Duke anashika piano, halafu tarumbeta na trombono zote zinarudi kuanza upande wa pili, unajisikia kama umekuwa hapo na umechoka kwa furaha. Cat Anderson anamaliza na tarumbeta yake juu kabisa, fasi ambayo wengi hawafiki. Kipande chote kinapita dakika 14.

Wein aliogopa fujo, akatoa ishara kazi iishe. Duke alikuwa na akili zaidi: alijua ukizima moto kama ule ghafla, unawaka upya. Akaendelea, akamleta Hodges na nyimbo za polepole kusudi watu watulie. Hiyo pia ni sehemu ya ufundi wake.

Kuko wanaosema ile solo ni maskini wa mawazo. Wanasema ni mbinu za kupandisha watu vichwa, kwamba jazz ya kweli ya miaka ile ilikuwa fasi ingine, na kama ungeandika zile noti ku karatasi usingeona kitu cha ajabu. Sitawacheka, juu katika jambo moja wako na haki: ku karatasi, kweli, si kitu kikubwa. Lakini swali lao limepotea njia. Gonsalves alikuwa mtoto wa shule ya Ben Webster. Ku nyimbo za polepole aliweza kupiga laini sana, kwa mizunguko ya sauti ambayo wapigaji wengi wa tenor hawaifiki. Mtu mwenye utajiri ule akichagua kusema maneno machache, tuulize kwanza aliona nini. Mimi naona kama alisikia kwamba ile fasi haikutaka maneno mengi. Ilitaka mtu wa kushika.

Sisi wa Kongo hatupaswi kushindwa kuelewa jambo hili. Mwezi mmoja mbele ya ule usiku wa Newport, Juni 1956, orkestra moja ilizaliwa Léopoldville na kijana aliyeitwa Franco ndani yake, ikachukua jina OK Jazz. African Jazz ya Joseph Kabasele ilikuwa imetangulia miaka michache. Sisemi wale wa Léopoldville na wale wa Newport walisikilizana. Kwetu neno jazz lilikuwa jina la orkestra ya kisasa, na muziki wenyewe ulikuwa rumba. Nasema tu kama masikio yaliyolelewa na sebene yako na ufunguo wa hii diski. Wimbo unapofika ku sebene, hakuna anayemuuliza mpiga gitaa mawazo mapya kila sekunde tano. Tunamuomba ashike kitu kimoja, akirudie vizuri, akigeuze kidogo wakati miguu inahitaji, na asiachilie mbele ya wakati. Mpigaji wa sebene anayetaka kuonyesha kila kitu anachokijua anaua uwanja. Watu wanarudi ku viti. Kila mmoja wetu amekwisha kuona hiyo ku harusi.

Gonsalves angeelewana na hao wapigaji bila mkalimani.

Sasa tufike fasi inayouma, juu nyuma ya ile furaha kuko jambo ambalo msikilizaji mwaminifu hawezi kuruka. Duke hakuridhika na namna ile kazi mpya, yeye na Strayhorn walioiandaa, ilivyopigwa jukwaani. Siku ya Jumatatu, tarehe 9 Julai, orkestra iliingia studio ya Columbia, New York, ikapiga upya. Mtayarishaji George Avakian akachanganya kazi ya studio na sauti za watu. Ku jalada, jina lilibaki Newport. Sehemu kubwa ya diski iliyouzwa kama ya jukwaani ilitoka mu chumba kilichofungwa, na makofi yakapandwa juu yake kama maua ya plastiki.

Ile solo nayo, tatizo lake lilikuwa lingine. Ule usiku kulikuwa mikro za namna mbili jukwaani: za Columbia, na za radio ya serikali ya Marekani, Voice of America. Gonsalves alisimama mbele ya mikro isiyo ya Columbia. Kwa hiyo ku diski ya 1956 saksofoni yake inasikika kwa mbali, kama mtu anayeongea nyuma ya mlango, na watu wako karibu kuliko yeye. Kwa fundi wa sauti, hilo ni pigo. Lakini tengeneza namna gani? Kazi mpya ya Duke na Strayhorn unaweza kuirudilia Jumatatu. Yule mwanamke aliyesimama, gazeti la Jo Jones, uwanja mzima unaopanda pamoja na pigo, huwezi kuviita studio. Walilazimika kuiacha hivyo.

Angalieni vizuri matokeo. Sehemu iliyotengenezwa, yenye sauti safi, ni wachache leo wanaoizungumuza. Sehemu iliyotoka vibaya, mpigaji mbele ya mikro isiyo yake, njo ile iliyofanya diski iuzwe kuliko diski zingine zote za Duke. Tarehe 20 Agosti mwaka ule ule, uso wa Duke ulikuwa ku jalada la gazeti Time. Yeye mwenyewe alizoea kusema, nusu kwa mchezo, kama alizaliwa Newport mwaka 1956.

Mtu anaweza kusema ni bahati. Mimi naona ni zaidi ya bahati. Ile sauti ya mbali ilifanya jambo ambalo hakuna aliyelipanga: ilituweka sisi wasikilizaji katikati ya watu, si mbele ya mpigaji. Tunamsikia Gonsalves kama mtu wa viti vya nyuma alivyomsikia, kupitia mabega na makofi ya wengine. Ndiyo maana diski ile ilikamata hata watu ambao hawakuwa na habari ya jazz. Haikuwaomba wahukumu solo. Iliwapa fasi ya kusimama.

Katika kazi yetu ya kilimo tunajua tofauti ya namna hii. Mbegu inaweza kutoa vizuri sana ku kituo cha utafiti, fasi yenye mbolea iliyopimwa na palizi ya wakati. Swali kubwa ni itafanya nini mu shamba la mama mwenye udongo uliochoka, mvua iliyochelewa na mbuzi za jirani. Matokeo ya kule yako na uchafu mwingi, lakini yako na kitu ambacho kituo hakiwezi kutoa: yanaonyesha mbegu na watu pamoja. Ile kazi ya Jumatatu ni matokeo ya kituo. Mizunguko 27 ni matokeo ya shamba.

Mwaka 1999 hadithi iligeuka tena. Kanda za Voice of America zilikuwa zimepatikana, na saksofoni ya Gonsalves ilikuwa ndani, karibu na wazi. Phil Schaap akachukua kanda za radio na za Columbia, akazilinganisha sekunde kwa sekunde, moja upande wa kushoto, moja upande wa kulia, na ule usiku ukatoka kwa sterio, ku diski mbili, pamoja na ile kazi mpya jinsi ilivyopigwa kweli jukwaani. Kazi ya studio imewekwa pia, lakini kila moja fasi yake, msikilizaji ajue anasikiliza nini.

Kuko wapenzi wa diski ya zamani ambao hawakufurahi. Wanasema ile ya 1956 njo waliyoipenda, na kuigusa ni kugusa kumbukumbu yao. Nawaelewa, lakini siwaungi mkono. Tukipenda kitu juu ni cha kweli, hatuwezi kukataa ukweli wake unapoongezeka. Na jambo lililonishangaza ni hili: ile kazi mpya kama ilivyopigwa jukwaani, ile ambayo Duke aliona haya nayo, iko sawa. Iko na makosa madogo, ndiyo. Lakini iko na hewa, na watu wako ndani. Mtu mkubwa vile pia aliogopa kasoro ambazo sisi tungemsamehe bila kufikiri.

Kitu kimoja tu naachia diski ya zamani: imetufundisha kama msikilizaji pia ni mpigaji. Ile ya 1999 imetuonyesha mpigaji alikuwa anafanya nini wakati sisi tulikuwa tunaimba naye. Ukiweza, sikiliza zote mbili, lakini anza na ya 1999, juu ile haikudanganyi.

Nyuma ya Newport, Duke alimuomba Gonsalves ile safari ndefu mara nyingi, mwaka kwa mwaka, mu miji mingi. Kuko rekodi zake. Zingine ni nzuri, na pengine noti zake ni bora kuliko za Newport. Lakini watu wa zile nchi walikuja wakijua nini kitatokea, wakangojea kutumikiwa. Kazi ile haikuwa tena yao. Mimi nazichukua kama ushahidi mkubwa kuliko mabishano yote: mpigaji ni yule yule, kipande ni kile kile, orkestra karibu ni ile ile, na kitu hakirudi.

Wawili hao hawakuachana mpaka mwisho. Gonsalves alikufa London mwezi wa Mei 1974. Duke akamfuata tarehe 24 ya mwezi ule ule, New York, bila kuambiwa kama mwenzake alikuwa amekwisha kwenda.

Mukiipata, wandugu, musiisikilize mukifanya kazi zingine. Chukueni dakika 15. Mizunguko ya kwanza mufuate batri ya Woodyard tu. Kisha muache saksofoni, mutafute watu: mtu wa kwanza anaitika wakati gani, makofi yanashika pigo wapi, sauti za wapigaji zinatoka upande gani. Nyuma ya hapo murudie mwanzo na mumsikilize Gonsalves. Mutaona kama amewasikia watu mbele yenu.